Kroskompaila ya STM32 kwenye laptopu ya RAM GB 4: nijenge mwenyewe au nichukue iliyo tayari?

Neema_Chanika

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mwongozo, na atakayejibu tafadhali ajibu akijua anaongea na mtu wa laptopu ndogo.

Natengeneza kontrola za mashine za kutotolesha vifaranga. Mjomba ndiye anayeunda maboksi, huku huku Chanika, mimi nashughulika na umeme na programu. Mpaka sasa tumekuwa tukitumia bodi za Arduino Uno: sensa ya DS18B20 ndani ya boksi, relei ya hita, relei ya mota ya kugeuza mayai, na skrini ndogo ya mistari miwili. Joto linakaa 37.5 bila matatizo. Shida ni kwamba wateja wameanza kudai vitu. Mmoja anataka kumbukumbu ya joto ya siku zote 21. Mwingine anataka atumiwe SMS umeme ukikatika. Mwingine anataka boksi moja lenye vyumba vitatu, kila chumba na mayai ya umri wake, maana siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi tena na kila chumba kinafika hapo kwa wakati wake. ATmega328P ina flashi ya KB 32 na RAM ya KB 2, na RAM ndiyo inayonikaba.

Nimeshuka Kariakoo nikanunua zile bodi za bluu wanazoita Blue Pill, zenye STM32F103C8T6, pamoja na kijiti cha ST-Link cha kutilia programu kwenye chipu. Programu kubwa ya kuandikia kodi ya hizo chipu niliiweka. Laptopu yangu ni ya GB 4 na diski yake ni ile ya kuzunguka. Naifungua, nakwenda kusonga ugali, narudi bado inapakia. Kwa hiyo nataka kufanya kila kitu kwa terminali: kihariri chepesi, make, basi.

Sasa kwenye kompaila ndipo nimepotea. Ubuntu inaniletea gcc-arm-linux-gnueabi, gcc-arm-linux-gnueabihf, gcc-arm-none-eabi. Zote ARM. Nilichukua ya gnueabihf kwa sababu ndiyo inayotajwa sana. Nikiiwekea -mcpu=cortex-m3 inanijibu hivi:

`cc1: error: '-mfloat-abi=hard': selected architecture lacks an FPU`

Nikiondoa hiyo -mcpu inakubali, lakini nikiunganisha kwa -static programu ya kuwasha taa moja inatoka mamia ya KB, na chipu nzima ina flashi ya KB 64.

Jamaa mmoja aliyesoma uhandisi wa kompyuta kaniambia njia ya uhakika ni kujenga kompaila ya GCC yote mwenyewe toka kwenye sosi, ndipo nitaielewa. Kabla sijachoma bando nauliza: kweli kuna haja? Na hizi kompaila tatu zinatofautiana nini hasa?

kijana_Makumbusho

Dada Neema, mbona unajitesa? Baki na Arduino IDE, ongeza pakiti ya bodi za STM32, kodi yako ya zamani itaingia karibu yote ilivyo. Wateja hawaangalii umekompaili na nini, wanaangalia vifaranga.

FundiTandika

Kijana hajakosea. Mwenye haraka apite huko huko. Ila dada kasema anataka terminali, na laptopu yake imeshamwambia kwa nini, kwa hiyo tumjibu alichouliza.

Dada Neema, mimi nina meza yangu Tandika. Natengeneza bodi za mashine za kufulia, inveta na mizani za dukani, na kodi zangu zote zinatoka kwenye laptopu ambayo skrini yake inashikiliwa na gundi. Huyo ndugu wa uhandisi mweke pembeni kwanza. Usijenge GCC. Ya kwako imeshajengwa na watu wanaoijua, inakusubiri kwenye apt, nayo ni ile ya tatu uliyoitaja.

Halafu ujue umekuwa mtumiaji wa kroskompaila tangu siku ya kwanza. Ukibonyeza kile kitufe cha mshale kwenye Arduino IDE, nyuma yake inaitwa avr-gcc, inatoa lugha ya mashine ya AVR ambayo prosesa ya laptopu yako haiwezi kuitekeleza hata amri moja. Kompaila inakaa kwenye x86, inachokizalisha kinakwenda kuishi kwenye chipu nyingine. Basi. IDE ilikufichia, sasa umeamua kufungua kifuniko.

Majina yale yanasomwa kwa vipande. Arm ni ukoo wa prosesa. Kipande cha kati kinaeleza programu itamkuta nani ikifika. Ikiwa ni linux, itakuta kernel ya Linux: ikiomba kumbukumbu inapewa, ikitaka kufungua faili inafunguliwa. Ikiwa ni none, haitamkuta mtu, na hiyo ndiyo hali ya Blue Pill. Mwishoni, eabi ni makubaliano ya namna funksheni zinavyopeana vitu kwenye rejista, na ile hf inaongeza kwamba namba za desimali zitapitia rejista za FPU, sehemu ya prosesa inayokokotoa desimali. Cortex-M3 haina FPU. Kwa hiyo kompaila ilipokukatalia ilikuwa na haki kabisa. Hiyo ni ya Raspberry Pi na jamaa zake. Na zile mamia ya KB ni glibc, maktaba iliyoandikwa kwa mashine yenye Linux chini yake, ambayo -static iliikokota ndani ya faili yako.

Unachotaka ni hiki:

`sudo apt-get install gcc-arm-none-eabi binutils-arm-none-eabi libnewlib-arm-none-eabi gdb-multiarch openocd make`

Mzigo si mdogo, kwa sababu newlib, maktaba ya C inayochukua nafasi ya glibc, inakuja imeshajengwa mara nyingi, kila aina ya Cortex na nakala yake. Nenda nayo mahali penye waifai. Ikimaliza, nakili mafaili ya .deb yaliyobaki kwenye /var/cache/apt/archives uyaweke kwenye flashi ya USB, ili siku ukiweka Ubuntu ile ile upya usinunue bando mara ya pili. Halafu andika `arm-none-eabi-gcc --version`. Ikikujibu namba, suala la kompaila limekwisha.

Limekwisha kweli. Wanaokwama hukwama mbele ya hapo, halafu wanailaumu kompaila, wanaifuta, wanaanza kujenga ya kwao toka sosi, na wakimaliza wanakuta tatizo liko pale pale limekaa. Tatizo lenyewe ni kwamba kwenye laptopu kuna mtu anayekupakilia programu kwenye kumbukumbu na kuita main. Kwenye chipu tupu huyo mtu hayupo, kazi yake unaifanya wewe kwa mafaili mawili madogo.

Faili la kwanza ni skripti ya linka, ile programu inayounganisha vipande vya kodi kuwa faili moja. Linaeleza nini kikae wapi. Kichwa chake kwa chipu yako:

```
MEMORY
{
  FLASH (rx)  : ORIGIN = 0x08000000, LENGTH = 64K
  RAM   (rwx) : ORIGIN = 0x20000000, LENGTH = 20K
}
```

Hizo anwani hazibuniwi, ziko kwenye hati ya chipu. Ukikopi skripti ya mtu mwingine mwenye STM32 ya ukubwa mwingine, hapo ndipo pa kutazama kabla ya kitu kingine chochote. Nimeletewa bodi ambayo stakii, eneo la RAM la kazi za muda za funksheni, ilikuwa imewekwa kwenye RAM isiyokuwepo. Inakompaili safi, inaingia safi, inakaa kimya kama gogo.

Faili la pili ni la kuanzia, mimi huliita anza.c. Chipu ikipata umeme, pini ya BOOT0 ikiwa chini, inasoma maneno mawili ya mwanzo wa flashi, kila moja biti 32. La kwanza ni mahali stakii inapoanzia. La pili ni anwani ya Reset_Handler. Hiyo Reset_Handler unaiandika wewe: inahamisha .data (vigezo vyenye thamani ya mwanzo) toka flashi kwenda RAM, inasafisha .bss (visivyo na thamani ya mwanzo) iwe sifuri, ndipo inaita main. Ukiruka hatua ya kuhamisha, ile `int joto_lengo = 600;` itaamka na takataka zozote zilizokuwepo kwenye RAM, na kwa mashine ya mayai sihitaji kukueleza matokeo.

Kabla hujagusa ST-Link, chungulia faili lako hivi:

`arm-none-eabi-objdump -s -j .isr_vector taa.elf`

Mstari wa kwanza wa data unatakiwa uanze na 00500020. Isome kinyumenyume baiti kwa baiti: 0x20005000, yaani juu kabisa ya RAM, KB 20 kutoka 0x20000000. Kundi linalofuata liishie na 08, na ukilisoma kinyumenyume namba yake iwe witiri, kwa mfano 0x0800010d. Cortex-M inatekeleza Thumb, ile seti ya amri fupi za ARM, peke yake, na ile 1 ya mwisho ndiyo alama ya Thumb. Ukikuta shufwa, usijisumbue kuipeleka kwenye chipu. Ukikuta sehemu hiyo haipo kabisa, umetumia --gc-sections bila kuandika `KEEP(*(.isr_vector))` kwenye skripti, na linka imefagia jedwali kwa kuona hakuna anayeliita. Kwenye kodi hakuna anayeliita kweli. Anayeliita ni chipu.

Vipengele vya kompaila anza na -mcpu=cortex-m3 -mthumb -Os -ffunction-sections -fdata-sections. Wakati wa kuunganisha ongeza -nostartfiles, -T na jina la skripti, -Wl,--gc-sections, --specs=nano.specs na --specs=nosys.specs. Hiyo ya nosys ndiyo inayonyamazisha malalamiko ya _exit, _sbrk na _write, kwa kuwa newlib bado inadhani kuna mtu chini yake wa kumwomba.

Kupeleka kwenye chipu:

`openocd -f interface/stlink.cfg -f target/stm32f1x.cfg -c "program taa.elf verify reset exit"`

Taa ya Blue Pill iko PC13 na inawaka pini ikiwa chini, si juu. Usije ukatukana kompaila kwa hilo.

BinMakame

Fundi umesema vizuri, ila nimtetee kidogo huyo ndugu wa uhandisi. Kujenga mwenyewe si upuuzi, ina mahali pake. Mimi nashughulika na ruta za zamani zenye prosesa za MIPS, nazitia OpenWrt, Linux ya ruta, na kule kila ukijenga mfumo unajengewa na kompaila yake, jina lake refu mipsel-openwrt-linux-musl. Huko apt haikusaidii kitu, maana maktaba ni musl, wala si glibc wala newlib, na kompaila lazima ilingane na maktaba ile.

Na anayetaka kuona mambo yalivyofungamana, ajenge mara moja maishani. Kwa ARM tupu mpangilio ni huu. Unaanza na binutils, kwa --target=arm-none-eabi na --prefix ya folda yako ya nyumbani, isiwe /usr. Unaingiza bin yake kwenye PATH. Unarudi kwa GCC lakini nusu tu: --enable-languages=c --without-headers --with-newlib, halafu make all-gcc. Kwa hiyo nusu unajenga newlib. Newlib ikikaa, unarudi kumalizia GCC. Kompaila inahitaji maktaba, maktaba inahitaji kompaila, ndiyo sababu ya kwenda na kurudi. GMP, MPFR na MPC zinaletwa na skripti ya contrib/download_prerequisites, usizihangaikie moja moja. Na folda ya kujengea iwe nje ya folda ya sosi, wenyewe GCC wanasisitiza.

Kwa RAM GB 4 usithubutu make -j4. Itakwenda, itakwenda, halafu cc1plus, kompaila yenyewe ya C++, inauawa na kernel kwa kukosa kumbukumbu, nawe unadhani sosi ni mbovu. Weka -j1 na swapu ya kutosha, lala.

Na la umeme, wallahi hili lilinichosha. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa, umeme ukikatika mashine inazima hapo hapo. Ukirudi na kuandika make inaendelea ilipoishia, raha mustarehe, mpaka mwisho linka inalia kuhusu faili lisilotambulika. Kumbe mafaili ya .o yaliyokuwa yakiandikwa dakika ile yamebaki na ukubwa wa sifuri, na make inayaona yapo, tarehe zake mpya, inayapita. Dawa ni kabla ya kuendelea:

`find . -name '*.o' -size 0 -delete`

FundiTandika

Bin Makame, hiyo ya find naiweka kwenye daftari. Kwa ruta nakubali bila ubishi. Kwa Blue Pill bado nasema apt.

Neema_Chanika

Shikamooni wakubwa zangu. Nimerudi na habari mbili.

Nzuri: taa inawaka na kuzima. Mwanzoni openocd iligoma, ikasema imekuta idcode (namba ya utambulisho ya chipu) 0x2ba01477 wakati inatarajia 0x1ba01477. Nikatafuta, kumbe chipu yangu si ya STM halisi, ni ya kuigiza. Nikaweka `-c "set CPUTAPID 0x2ba01477"` kabla ya ile -f ya target, ikapita. Nimekwenda kumuuliza aliyeniuzia, kasema "dada yangu, hizo ndizo zinazokuja."

Mbaya: nimeingiza sensa. Nikisoma namba mbichi ya DS18B20 na kuituma kwenye laptopu kwa UART, ile laini ya data ya chipu, inakuja vizuri. Nikiongeza mstari mmoja tu, `float joto = ghafi * 0.0625f;`, chipu inaganda. Taa inaacha kupepesa, UART kimya. Nikiufuta ule mstari inafufuka. Kompaila haitoi onyo lolote, hata nikiweka -Wall. Makefile yangu CFLAGS ina -mcpu=cortex-m3 -mthumb na zile nyingine zote alizotaja Fundi, LDFLAGS ina -nostartfiles, -T, gc-sections na specs mbili. Ni kwa sababu haina FPU? Yaani M3 haiwezi desimali kabisa?

kijana_Makumbusho

Kwenye Arduino IDE desimali zinakubali 😀

FundiTandika

Kijana, huko kuna mtu keshaandika Makefile kwa niaba yako. Na jibu la dada liko kwenye hiyo Makefile, kaliandika mwenyewe kwenye swali lake.

M3 inaweza desimali vizuri tu, ila kwa mikono. Kompaila ikiona float ikizidishwa, na chipu haina FPU, inaweka mwito wa funksheni iitwayo __aeabi_fmul. Hiyo haimo kwenye kodi yako, imo kwenye libgcc, maktaba ya kompaila yenyewe. Sasa nilisema maktaba zimejengwa mara nyingi, kila aina na nakala yake. Andika `arm-none-eabi-gcc -print-multi-lib` uzione zilivyojipanga. Nani anachagua nakala ipi iingie? Ni gcc, wakati wa kuunganisha, kwa kutazama -mcpu na -mthumb zilizopo kwenye amri ile ile ya kuunganisha. Kwako zimo kwenye CFLAGS, kwenye LDFLAGS hazimo. Kwa hiyo ikachukua nakala ya kawaida, ya ARM za zamani, iliyoandikwa kwa amri za ARM na si za Thumb. Linka haikulalamika, maana kwenye prosesa zinazojua zote mbili kuruka kutoka Thumb kwenda ARM ni jambo la halali. M3 haijui ARM. Inaruka, inakuta lugha isiyoijua, inaangukia HardFault, mtego wa chipu wa makosa mazito, na kama HardFault_Handler yako ni while(1) tupu ndiyo huko kuganda unakokuona.

Taa ilikuwa inapepesa kwa sababu kodi ya taa haiiti chochote toka maktaba. Ndiyo maana watu wanahangaika wiki nzima na sensa wakati sensa haina kosa.

Andika hivi:

```
CPU     = -mcpu=cortex-m3 -mthumb
CFLAGS  = $(CPU) -Os -Wall -ffunction-sections -fdata-sections
LDFLAGS = $(CPU) -nostartfiles -T stm32.ld -Wl,--gc-sections --specs=nano.specs --specs=nosys.specs
```

Ukitaka kuliona kwa macho kabla ya kurekebisha, fanya `arm-none-eabi-objdump -d` kwenye elf yako ya sasa, tafuta __aeabi_fmul. Utakuta kila amri ina baiti nne, mstari baada ya mstari, tofauti na kodi yako mwenyewe ambako za mbili na za nne zimechanganyika. Baada ya kurekebisha, futa .o na .elf zote, jenga upya, tazama tena.

Utakachokutana nacho baada ya hapo nakuambia sasa hivi: ukijaribu kuchapa joto kwa printf ya %f, patatoka patupu. nano.specs imeondoa desimali kwenye printf ili iwe ndogo. Zinarudishwa kwa kuongeza `-u _printf_float` kwenye LDFLAGS, na utazilipia kwa flashi.

Lakini ningekuwa wewe nisingezilipia. DS18B20 ikiwa kwenye biti 12 inakupa joto kwa vipande vya 1/16 ya digrii. 37.5 mara 16 ni 600 kamili. Hita yako haihitaji desimali: chini ya 600 washa, ikizidi 602 zima. Kwa skrini, namba nzima ni ghafi ikigawiwa 16, na tarakimu moja ya desimali ni baki mara 10 gawa kwa 16. Mayai hayajui float.

BinMakame

Hapo kwenye 600 nimecheka peke yangu. Ndiyo maana kule juu aliandika joto_lengo = 600.

Neema_Chanika

Fundi, imekubali. Nilifanya ile objdump kabla na baada, na kweli, kabla zilikuwa baiti nne nne mwanzo hadi mwisho. Halafu nikatoa float zote nikabaki na namba nzima, skrini inaonyesha 37.5 na UART inatiririka. Mjomba kauliza kwa nini nashangilia namba ile ile iliyokuwepo tangu zamani.

Nabaki na Makefile hii. Swali la mwisho, la chipu sasa: hizi za kuigiza naweza kuziamini kwenye mashine ya mteja, inayokaa siku 21 bila kuzimwa?

FundiTandika

Ninazo zinazofanya kazi kwenye mizani huu muda wote, na nimetupa nyingine hata kabla hazijatoka mezani. Ukinunua, usijaribu moja ukahukumu zote. Kila bodi itie programu, iache ndani ya boksi lenye joto lako la kazi usiku kucha ikiandika UART, isome asubuhi. Na kabla hujaweka yai la mteja washa watchdog ya ndani, ile IWDG. Inatumia saa yake yenyewe ya takriban kHz 40, haitegemei kristali ya nje, kwa hiyo hata saa kuu ikifa inakuzindulia chipu. Ilishe kwenye kitanzi kikuu, baada ya kusoma sensa na kupata jibu lenye akili, usiilishe ndani ya intarapti ya taima. Taima inaweza kuendelea kudunda huku kitanzi kikuu kimekufa na hita imebaki imewaka.

Relei ya hita iwe ya kuzima yenyewe pini ikilegea. Ukishachora sakiti ya hilo iweke hapa, nitaitazama.